Radhi Haipatikani kwa Hoja

Mwanangu Zuwena,

Salamu sikuletei. Salamu ni za walio mbali, na wewe uko chumba cha pili, nakusikia unavyogombana na sanduku lisilotaka kufunga. Shangazi zako wamekuzunguka, huyu asema tia hiki, yule asema toa kile, na wewe "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi," na najua hufanyi hata moja. Mimi nimejifungia chumbani, nimewaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kwa sababu za Kizungu zanichelewesha. Utaisoma kwa taabu kidogo. Vizuri. Wewe ukisoma haraka huwa husikii.

Ya sweta, ya chakula, ya sala, ya wanaume, sikwambii. Hayo umeambiwa na mji mzima, tangu Makorora mpaka Chumbageni. Hata yule muuza samaki leo asubuhi kakupa nasaha za Uingereza, na yeye hajafika hata Korogwe. Mimi nataka tuzungumze habari ya jana.

Jana baada ya chakula cha mchana ulikaa mbele yangu kwenye kiti, si mkekani, na baba'ko pembeni kakunja nne, kajitia uso wa jaji. Nikasema, katika ukoo wetu hajatokea mtoto wa kike akaenda Ulaya peke yake. Ukasema, "Mama, hata baba alikuwa wa kwanza kwao." Nikasema, na kuolewa je? Ukasema, "Mama, wewe mwenyewe ulisema ndoa si treni, mtu haiwahi." Kweli nilisema, lakini nilikuwa namliwaza mtu mwingine. Nikasema, uwakili ni kazi ya ugomvi. Ukasema, "Ndiyo maana nimeichagua. Nimezaliwa na wewe." Baba'ko akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kila neno nililoliweka ulilipangua. Mwisho nikasema, "Haya. Nenda." Shangazi yako Mwanahawa akapiga kigelegele, baba'ko akakupa mkono kama wanavyopeana mawakili wakitoka mahakamani, mkaenda zenu barazani kusherehekea. Vyombo nikaviosha mimi.

Sasa nisikilize. Ile "haya" haikuwa radhi.

Unajua kwetu inavyokuwa. Mtoto akisafiri huja akakaa chini mbele ya mama'ke, akasema, "Mama, niwie radhi." Mama akaweka kiganja utosini, akasema lake, akasoma dua, yakaisha. Hakuna mtu anayefundishwa jambo hilo. Ni kama kunawa kabla ya kula. Wewe hukuja. Jana nzima hukuja, leo nimekaa tangu alfajiri nimevaa kanga nzuri kama mjinga, hukuja. Umekuja mara moja tu kuuliza pasi ya nguo iko wapi. Na ndege ni kesho asubuhi. Kwa hiyo mpaka hapa ninapoandika, mwanangu, wewe unakwenda Ulaya bila radhi zangu, na hujui. Wewe unadhani umeshinda kesi.

Mimi mwenyewe sijui nitafanya nini. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nitakwambia habari za baba'ko, lakini si zile anazozisema mwenyewe barazani. Zile unazijua kwa moyo, kila mgeni akija tunazisikia upya, na mimi namimina chai mahali pale pale pa hadithi.

Baba'ko alipokuja kuniposa alikuwa wakili mpya, mtu wa Pemba, ana suti moja na kitabu kila mfuko. Wazee wangu wakamuogopa kidogo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikiliza. Wakamuuliza, wewe Mpemba ulifikaje Ulaya? Akawaeleza. Baba'ke amekufa, ami yake akakubali kumsomesha kwa karafuu za shamba. Lakini mama'ke, bibi'yo Bi Mize, hakutaka. Alikuwa na mtoto huyo huyo mmoja; shangazi zako hawa ni watoto wa ami. Akasema, "Utakwenda huko na mimi nitakufa hapa nizikwe na majirani." Basi baba'ko akakaa naye siku baada ya siku akimletea hoja. Hoja ya elimu. Hoja ya ami yake. Hoja ya Mtume na kutafuta elimu hata iwe mbali. Kila alilosema mama, kijana kalipangua. Mpaka Bi Mize akasema, "Haya mwanangu. Umenishinda kwa maneno." Kijana akaruka juu kwa furaha, akenda Unguja kupanda meli.

Akawaambia wazee wangu, "Kesi yangu ya kwanza kushinda ilikuwa juu ya mama'angu." Wote wakacheka. Na mimi nyuma ya pazia nikacheka. Nikasema moyoni, lo, mume wangu ana akili. Nilikuwa na umri wako, nilidhani akili ni kuwa na jibu.

Hiyo ndiyo hatia yangu ya kwanza, kwamba nilicheka.

Kazi ya baba'ko hapa Tanga ilianza na kesi ndogondogo: mipaka ya mashamba, mirathi, mtu kampiga mtu. Jaji anapokuja, baba'ko anavaa joho lake jeusi na ile nywele ya bandia iliyo kama katani iliyoanikwa, watoto wa jirani wanamkimbilia dirishani kumcheka. Wewe ulikuwa unalia ukimwona nayo. Halafu ikaja kesi ya machungwa.

Mzee Mbwana wa Muheza alikuwa na shamba la michungwa. Siku moja eropleni ndogo ya mzungu wa mkonge ikazimika juu, ikaja ikalala katikati ya shamba lake. Rubani alitoka na jeraha la paji la uso tu, alhamdulillahi, lakini michungwa ilivunjika vibaya. Mzungu akakataa kulipa. Wakili wake akasimama mahakamani akasema kwamba mbingu hazina mwenyewe, na upepo ni amri ya Mungu, na mzee huyu hawezi kudai miliki ya anga. Akasema sana, na vitabu akafungua. Baba'ko akainuka akasema, "Mheshimiwa, mteja wangu hajaja kushitaki mbingu. Machungwa yalikuwa chini." Na Mzee Mbwana, bila kuulizwa, akadakia, "Hata mimi mbingu siitaki, ningeipandia nini?" Mahakama nzima ikaangua kicheko, jaji naye.

Walishinda. Mzee Mbwana alituletea machungwa mpaka tukachoka, tukawa tunawapa mbuzi.

Lakini kesi ile ilimtia baba'ko wazimu. Alikuwa amesoma kwa ajili yake mikataba ya mataifa juu ya ndege: ndege ya nchi hii ikipita juu ya nchi ile sheria ya nani, ikianguka nani alipe, mtoto akizaliwa humo ni wa wapi. Nikamuuliza, "Na mtu akifa humo anazikwa wapi?" Akaniambia hilo ni swali zuri sana, akaenda kulitafuta kitabuni. Mimi nilikuwa namtania! Basi mawakili wa Nairobi wakaanza kumwandikia. Jambo la ndege likiwatatiza, muulizeni yule mswahili wa Tanga. Na yeye, kama ulivyo wewe, hawezi kujua jambo kwa kitabu akatosheka. Akenda kiwanjani akajifunza kurusha. Akashirikiana na yule yule rubani wa machungwa wakanunua kieropleni kikuukuu, kinapiga kelele kama cherehani bovu. Kila Jumapili yuko juu. Watu wakisikia mlio wanasema, "Wakili huyo anapita," na mimi niko uani naanua nguo, sitazami juu. Makusudi. Alikuwa akizunguka juu ya nyumba mara mbili ili nimpungie mkono. Sikumpungia hata siku moja. Nilikuwa nimenuna, na kununa kwangu unakujua.

Kutoka mikataba ya ndege akaingia mikataba ya nchi. Maana, alisema, karatasi ni zile zile. Nchi yetu iko chini ya udhamini wa mataifa, Mwingereza ni mlezi tu, na mlezi anaweza kuitwa akaulizwa. Wazee fulani walionyang'anywa ardhi yao wakamjia, watu wa bara, wamevaa makoti mazito katika joto letu hili. Wakakaa mkekani wakasema shida yao. Akaenda nao mpaka Amerika, mbele ya baraza la mataifa, akasimama akasema. Gazeti likaandika. Unakumbuka, ulilikata ukalibandika juu ya kitanda chako. Wajumbe walimsifu, wakamshika mkono, wakasema hawajapata kusikia maneno yaliyopangwa vile. Ardhi haikurudi. Mzee mmoja katika wale alifika hapa waliporudi, akanywa maji, akaniambia, "Mama, mumeo anasema vizuri sana. Sisi tumefurahi kumsikia." Alisema bila ya kejeli. Nilimwona baba'ko kainamisha kichwa.

Ndipo akaingia siasa. Akasema hoja peke yake haitoshi, lazima watu wawe wengi nyuma ya hoja. Nyumba ikajaa watu wa chama. Mikutano hapa sebuleni kila wiki, na mimi nawapikia. Nakiri kwamba kwa muda chai yao nilikuwa siitii tangawizi wala sukari ya kutosha, ili wachoke waende. Hawakwenda. Mwisho nikawatia tangawizi, na mwisho kabisa nikawa nakaa mlangoni nasikiliza, kisha nasema na mimi. Hayo unayajua. Lakini humohumo nilimwona baba'ko akimshinda rafiki yake wa tangu utotoni katika kura ya tawi. Alimshinda kwa maneno, akamgeuza kila alilosema mpaka watu wakamcheka yule mtu. Idi iliyofuata yule bwana hakuja kula kwetu. Wala iliyofuata. Baba'ko akawa anasema, "Sijui nimemkosea nini, mimi nilijibu hoja tu."

Mimi nilijua. Sikumwambia. Mimi ni mtu wa kungoja mwenzangu agundue mwenyewe. Nilikuwa najiona nina subira. Si subira, ni kiburi kilichotulia.

Sasa nafika kule nilikokuwa nakuogopa.

Ulikuwa shuleni bweni mwaka ule. Ikaja habari kutoka Pemba kwamba Bi Mize hali yake si nzuri. Baba'ko akasema tutakwenda baada ya kikao. Kikao kikaisha, kukawa na kesi. Kesi ikaisha, kukawa na mgeni wa chama. Nikamwambia, "Wewe bwana, mama'ko anakufa." Akasema, "Mama alisema atakufa tangu naondoka, na mpaka leo yuko." Alisema hivyo kwa hofu, lakini mimi nilisikia jeuri tu, nikamchukia kabisa. Habari ya pili ikaja. Hapo akasema hatungoji chombo, twende na eropleni.

Mimi! Mimi niliyekuwa sitazami juu!

Nilikwenda. Nilifika pale kiwanjani nimejifunga buibui, naona mlango mdogo wa kieropleni, na ndani kuna viti na zulia. Basi nikafanya kama mtu yeyote aliyelelewa na watu. Nikavua viatu mlangoni, nikavipanga vizuri juu ya majani, nikaingia kwa mguu wa kulia, "Bismillahi." Baba'ko yuko mbele anashughulika na vyuma vyake, hakuona. Tukaruka. Nikasoma Ayatul Kursiyu mpaka ulimi ukawa mzito. Tuko juu ya bahari ndipo nikatazama miguu yangu. Nikapiga kelele, "Viatu vyangu!" Akadhani mlango umefunguka.

Nikashuka Chake Chake pekupeku, mke wa wakili, mbele ya watu waliokuja kutazama ndege.

Tukafika shambani. Bi Mize amelala, kabaki mifupa na macho. Akanitazama tangu kichwani mpaka chini, akaona miguu yangu na vumbi, akauliza, nikamweleza. Alicheka, Zuwena! Alicheka mpaka akakohoa, akanishika mkono akasema, "Afadhali wewe umeniletea cheko. Kaa hapa karibu."

Halafu baba'ko akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akaanza. Akamweleza mama'ke kwa nini hakuja mwaka jana, kwa nini hakuja mwaka juzi. Akamweleza Amerika. Akamweleza wale wazee wa ardhi. Akamweleza chama, na nchi itakavyokuwa huru, na kwamba mtoto hawezi kukaa shambani nchi nzima inamwita. Kila kitu kilikuwa kweli. Kilipangwa vizuri, hiki kinafuata kile. Bi Mize anasema, "Ndiyo baba. Ndiyo baba." Alipomaliza alikuwa na jasho. Akambusu mkono, akatoka nje, maana wazee wa mtaa walikuwa wanamngoja wamuulize habari za siasa na za eropleni.

Tukabaki wanawake wawili. Bi Mize akasema, "Mumeo ana maneno mazuri. Kama hutuba ya Ijumaa."

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Akasema, "Tangu alipoondoka nangoja neno moja tu. Akae hapo chini, aseme, mama, niwie radhi. Nimpe. Ninazo hapa," akafumba kiganja chake akanionyesha, "ninazo siku zote. Yeye kila akija ananiletea ushahidi."

Nikasema, "Bibi, mpe tu. Hajui."

Akasema, "Nitampaje mtu asiloliomba? Akiomba nampa hata niwe usingizini."

Mimi nikawa najua, na mume wangu yuko hatua chache nje, namsikia sauti yake. Ningetoka nikamvuta mkono. Ningesema, wewe bwana, njoo ukae chini, useme neno moja, nyamaza. Sikutoka. Nilikuwa bado na hasira za zile siku alizotuchelewesha, na za mdomo wake. Nikasema moyoni, na agundue mwenyewe, wakili mzima. Kesho ipo.

Haikuwapo. Bi Mize alifariki kabla ya adhana ya alfajiri.

Tulipokwisha zika nilimwambia. Alikuwa kakaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na suti yake, magoti yamemfika kidevuni. Nikamwambia yote, kiganja na kila kitu. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniita?" Nikamwambia, "Kwa nini hukuomba?" Tukagombana vibaya, mwanangu, ndani ya nyumba ya msiba, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. Halafu akalia. Sijapata kumwona baba'ko akilia kabla ya hapo. Tulirudi na chombo. Eropleni alikwenda kuichukua mwenziwe, na baba'ko hajarusha tena. Wewe ulidhani ameacha kwa sababu ya macho. Tumekuacha udhani hivyo.

Sheikh alimwambia aombe dua, atoe sadaka, amsomee mama'ke, Mungu ni mwingi wa huruma. Anafanya. Lakini mara mojamoja, hata miezi hii, tunakula au anatafuta soksi, ananiuliza ghafla, "Unadhani alinipa?" Nami husema, "Alikupa." Husema haraka, kama mtu mwenye hakika. Wallahi sijui, Zuwena. Sijui.

Mimi na baba'ko hilo tulishalisameheana, usije ukamtazama kesho kwa jicho jingine. Mchukulie kama ulivyokuwa ukimchukulia. Ni mtu mzuri, na kazi yake ni nzuri, na nataka uifanye. Nataka uvae ile katani kichwani na wewe. Usije ukanielewa vibaya ukadhani nakufundisha kuwa mnyonge mbele ya watu. Haki hudaiwa. Ukifika mbele ya jaji au mbele ya hayo mataifa, usiombe, usiiname, dai, na hoja zako zipange kama ulivyozipanga jana. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilisikia. Ulisema vizuri kuliko baba'ko. Lakini radhi haidaiwi, na mapenzi hayadaiwi, na rafiki asiyekuja Idi harudishwi kwa kuambiwa alikosea wapi. Hapo neno ni moja, na ni fupi, na wasemaji wazuri ndio linalowakwama kooni.

Nimeandika mpaka hapa nikasimama nikanywa maji. Nimekuwa najiuliza, huyu mtoto kwa nini hakuja? Nikawa tayari kukulaumu, kwamba umetoka kwa baba'ko. Halafu nikakumbuka.

Ulikuwa mdogo, umevunja kile kikombe changu cha maua. Ulinijia unalia, umenyoosha mikono. Nikakusimamisha pale pale nikasema, "Usilie. Nipe sababu." Ukajikaza ukanipa sababu. Ikawa nzuri, nikakusamehe. Ulipochelewa kurudi, nipe sababu. Ulipotaka kwenda bweni, nipe sababu tatu. Nilikuwa najivuna mbele ya wenzangu, huyu wangu hadeki, huyu anaeleza. Kila mlango wa moyo wangu nilikuwekea bawabu anayetaka ushahidi. Sasa jana umekuja na ushahidi, kama nilivyokulea, na mimi nimenuna kwa sababu hukuja umenyoosha mikono. Ala! Nani aliyekufundisha kuishusha?

Si baba'ko. Ni mimi.

Basi nikafikiri, nitangoja kesho kiwanjani, pengine ataomba pale. Lakini najua kesho itakavyokuwa. Wanawake wa chama watakuja na ngoma, baba'ko atahutubu, mtu atakuwa amesahau karatasi, na wewe utakuwa unacheka na kulia, unambusu kila mtu. Utanikumbatia, utasema "Mama, nitaandika," na mlango utafungwa. Na mimi nitabaki pale nimefumba kiganja.

Nimemwona mwanamke mmoja akifa hivyo. Alikuwa na haki yake, mila iko upande wake, mtoto ndiye wa kuomba. Haki yote ilikuwa yake na haikumsaidia kitu, wala haikumsaidia mtoto. Mimi siitaki haki hiyo. Niichukue niipandie nini?

Na sasa nazitazama kurasa hizi, zimekuwa nyingi, nimeeleza hiki na kile, hiki kinafuata kile. Astaghfirullah. Na mimi nakuletea ushahidi! Mtoto yuko nyuma ya ukuta, namsikia anapiga chafya kwa vumbi la sanduku, na mimi namwandikia. Nikiitia barua hii katika nguo zako utaisoma Ulaya, na usiku wa leo utakuwa umelala bila ya kitu ambacho ninacho mkononi.

Hapana. Barua utaisoma huko, ujue tu mama'ko alikuwa na safari ndefu kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni kwako. Naweka kalamu. Shangazi zako nitawafukuza, watanuna, shauri yao. Hukuniomba, na sikungoji uniombe. Nakuja kukaa chini mkekani pako, nikuwekee mkono kichwani.

Mimi mama'ko,
ambaye hivi sasa utamsikia anagonga.